Siku Niliyotangazwa Mwenza wa Mwalimu Thoya

Nyinyi chekeni tu, mimi nimeshazoea. Hata leo nikipita Mambrui na gari la mafunzo hufunga vioo vyote na joto lile lote, nikamwambia mwanafunzi aangalie mbele asinisemeshe, na mimi mwenyewe nikajikunja kwenye kiti cha pembeni kama mtu anayetafuta sarafu chini, maana kuna akina mama pale ambao wakiniona hunipungia mkono na kuuliza kama bado nipo au nimeshaachika. Aibu hii sikuletewa na adui. Niliipokea mwenyewe ofisini kwangu, kwa neno moja, na kikombe cha chai mkononi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwende, mtu wa Machakos kwa kuzaliwa na wa Malindi kwa kukua na kuzeeka, mjane, mwenye shule ndogo ya udereva. Nina digrii ya uchumi wa kilimo ambayo haijawahi kunilisha hata siku moja, nimeitundika ukutani juu ya ile meza ya vigari vya kuchezea tunavyofundishia barabara, na ndiyo iliyoniponza (ningeiacha sandukuni leo nisingekuwa na cha kuwasimulia).

Sasa, Mwalimu Thoya, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Magarini, alikuwa ametangaza kwamba anawania urais. Si udiwani, si ubunge, urais wa Kenya nzima, tena bila chama, kwa sababu alisema amewasikiliza wagombea wengine wote na hakuna hata mmoja ambaye angempandisha darasa. Watu walicheka, lakini mambo yalikuwa yanakwenda. Mkewe, Bi Sidi, alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama chenye ndugu, mashoga na wakwe kila pembe ya nchi, na zile saini za wananchi ambazo sheria inazitaka kutoka kaunti mbalimbali zilikuwa zinaingia kupitia kwake. Mwalimu alibaki na shida moja tu, nayo ni mgombea mwenza. Wa kwanza alikuwa mhasibu wa Kilifi, kijana mtaratibu, akakubali vizuri kabisa, kisha mama yake akamkataza.

Basi asubuhi moja Mwalimu akaja ofisini kwangu, akakaa, akaisoma ile digrii yote mpaka jina la aliyetia sahihi, kisha akanifungulia darasa. Akasema mgombea urais akikosea mwenza amejivunja miguu mwenyewe, lakini akimpata anayefaa, hata wale wasiompenda yeye watampigia kura kwa ajili ya yule wa pili. Akanipimia: yeye ni mtu wa Pwani, mimi ni mtu wa bara, yeye mwanamume, mimi mwanamke, yeye akihutubia watu husinzia, mimi nikisema neno watu hukanyaga breki. Malindi nzima inanijua, akasema (hakufikiria inanijua kwa nini, maana nusu ya mji nimeupigia kelele kwenye usukani na nusu nyingine nimeufelisha). Wakati anaendelea hivyo nikaona dirishani mwanafunzi wangu amewasha gari peke yake, analirudisha nyuma taratibu kuelekea ukuta wa jirani, nami nikitaka Mwalimu amalize nitoke nikauokoe ukuta, nikamwambia, "Haya Mwalimu, niandike."

Tusidanganyane lakini, si ukuta peke yake. Alikuwa ameshanitajia "Mheshimiwa Naibu wa Rais" mara mbili, na kitu fulani kilikuwa kimenitekenya kifuani.

Aliniomba nikae kimya mpaka Jumamosi, atanitangaza uwanja wa mpira wa Mambrui, mahali alipofundisha miaka mingi na wanapompenda. Akasema hajamwambia mtu yeyote, hata Bi Sidi, kwa sababu anataka habari iwe mpya kwa wote kwa pamoja. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nilikuwa nawaza nitavaa nini.

Kazi ya kuwaita watu alipewa Karisa, mtu mzima mwenye tuktuk na kipaza sauti, ambaye kazi yake ya kila siku ni kutangaza matanga na mikutano ya chifu. Mwalimu alimpa sentensi aitangaze, bila jina langu: mgombea urais atamtangaza mgombea mwenza, mwanamke wa Malindi, mjane, msomi, mwenye kazi yake. Karisa akaona neno "mgombea" limejirudia, na kwa kuwa yeye ni mtu anayejali lugha (ndivyo alivyojitetea baadaye), akalipunguza. Siku nzima akazunguka Mambrui, akapanda mpaka Magarini, akitangaza kwamba Jumamosi Mwalimu Thoya atamwonyesha hadharani mwenza wake, mwanamke wa Malindi, mjane, msomi, mwenye kazi yake, nyote mnakaribishwa. Nanyi mnajua, huku kwetu ukisema mwenza bila kusema wa nini, hakuna mama atakayefikiria katiba. Atafikiria mke wa pili.

Jumamosi nikafika. Rangi ya kampeni yetu ilikuwa nyeupe, rangi ya amani, kwa hiyo mimi nilikuwa na gauni jeupe refu na kilemba cheupe, na Mwalimu naye alikuwa ameshonesha suti nyeupe, na tulipokutana pale langoni akanishika mkono kunisaidia kuvuka mtaro. Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kuvisikia tangu harusi yangu mwenyewe. Umati ulikuwa umejaa mpaka nyuma ya magoli. Akina mama walitandika leso nipite juu yake. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na masufuria ya pilau, nikajiambia mgombea asiye na chama amepata wafuasi wakarimu kuliko vyama vyote. Mwalimu akaninong'oneza, machozi yakimlenga, kwamba haya ndiyo aliyokuwa akinieleza, mwenza wa sawa huleta watu.

Mzee mmoja wa kike aliyeheshimika sana pale, Bi Fatuma, akanivisha kikuba cha asumini kifuani, nami nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umeridhia mwenyewe au umelazimishwa?"

Nikamwambia nimeridhia mwenyewe, kwa moyo wote. Akauliza kama nina watoto, nikasema ninaye binti mmoja, ameshaolewa. Akawageukia wenzake akasema huyu mtu mzima, hataleta fujo. Nikaona nimepita mtihani wa uongozi.

Nikapewa kipaza sauti. Jamani, hotuba ile niliiandaa siku kadhaa, na kila neno lilikuwa kweli kwa mujibu wa sheria. Niliwaambia kwamba mimi na Mwalimu tumekubaliana miaka mitano, tukiridhishana tutaongeza mitano mingine, lakini kumi ikitimia lazima tuachane, hairuhusiwi zaidi. Watu wakaangaliana. Nikawaambia tukifanikiwa tutahamia Nairobi, kila mmoja na nyumba yake na walinzi wake. Wakaangaliana tena. Kisha nikafika pale nilipoona ni pazito zaidi, nikashusha sauti, nikasema Mungu apishe mbali, lakini Mwalimu akifariki leo, vyote alivyokuwa navyo vinakuja kwangu siku hiyohiyo, kabla hata hajazikwa.

Watu wakainamisha vichwa. Nikadhani wamezama kwenye fikra. Bi Fatuma akanyoosha mkono, akafungua pini, akakitoa kile kikuba kifuani mwangu polepole bila kuniangalia usoni.

Ndipo Bi Sidi akafika. Asubuhi hiyo Karisa alikuwa amepita tena na tangazo lake, safari hii mpaka nje ya ua wake, akalisikia akiwa anafua, na sasa alishuka kwenye pikipiki leso imekazwa kiunoni na mikono bado ina povu kwenye viwiko. Hakupiga kelele. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akapanda jukwaani (lilikuwa madawati ya shule yaliyounganishwa, yakalia), akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Pendo, huyu ndiye mwenza?"

Mwalimu alikuwa na furaha ya mtu aliyeona umati mkubwa kwa mara ya kwanza maishani. "Ndiye," akasema. "Nilitaka ujue pamoja na watu wote. Ana kitu ambacho wewe huna, Sidi, na sheria inakitaka."

Sauti iliyotoka kwa wale watu siwezi kuiiga. Na hapo ndipo kila kitu kikanishukia kwa pamoja, zile leso, pilau, kuulizwa kama nimeridhia, suti nyeupe. Nikakumbuka nilivyosema tutaachana baada ya miaka kumi. Nikakumbuka habari ya kabla hajazikwa. Nikanyakua kipaza sauti kujitetea, na katika maneno yote ya Kiswahili ambayo Mungu amenijalia, yaliyonitoka ni kwamba mimi simtaki huyu mzee.

Basi Bi Fatuma akanionea huruma tena. Akasema kumbe mtoto wa watu alilazimishwa, akanifunika kichwa gubigubi na leso yake, na akina mama wawili wakanishika huku na huku kunishusha, mimi nikiwa sioni chochote, nikisema chini ya leso kwamba mimi ni naibu, mimi ni naibu, nao wakinibembeleza kwamba hata mke wa pili ana heshima yake.

Mwalimu ndiye aliyeokoa. Sauti ile ya gwaride la asubuhi ikamrudia, akaeleza yote: mgombea mwenza, Naibu wa Rais, katiba, digrii. Karisa akasimamishwa mbele ya watu akakiri kupunguza neno. Nikafunuliwa uso. Pale watu wakaanza kucheka, kicheko cha kushika mbavu, na mimi nikaona heri, yamekwisha, nikamtazama Bi Sidi nikitegemea naye atacheka.

Hakucheka. Alisimama akiifuta ile mikono yake, akauliza kama basi huyu si mke. Mwalimu akasema si mke. Akauliza kama ni mtu wa kukaa karibu naye kuongoza nchi. Mwalimu akasema naam, ndivyo.

"Mke ningekuelewa, Thoya," Bi Sidi akasema, na kipaza sauti alichokuwa amekishika kilikuwa wazi. "Watu huoa. Lakini nimekuzungukia nusu ya nchi nikikutafutia saini, na ulipotaka mtu wa kutawala naye hukuniuliza hata nani anafaa."

Mwalimu akasema kwa sauti ndogo kwamba sheria inataka digrii.

"Hiyo digrii ningeikubali. Kuniuliza ungeniuliza."

Akampa kipaza sauti, akashuka. Mwanamke mmoja akamfuata, kisha mwingine, kisha wote, na wakatoka uwanjani na masufuria yao ya pilau, na wanaume kwa kawaida yao wakalifuata pilau. Tukabaki watatu, mimi, Mwalimu na Karisa, wawili wetu tumevaa kama keki. Mwalimu aliketi kwenye dawati akaniuliza kama nadhani bado tuna nafasi. Ni mtu mzima na nilimheshimu, kwa hiyo nilimjibu kwamba inategemea hesabu za bara.

Bara nako habari ilifika kabla ya jioni, maana kila mtu pale alikuwa na simu. Kaka yangu alipiga kutoka Machakos, hakunigombeza hata kidogo kwa kuolewa, aliuliza tu mbona mbuzi hawajafika. Binti yangu alilia kwamba nimeolewa bila kumwalika. Kanisani mchungaji aliniombea kwa jina. Zile saini zikakoma kama bomba lililofungwa, kikundi kizima cha Bi Sidi kikarudi kwenye shughuli zake, na jina la Mwalimu Thoya halikufika hata karibu na karatasi ya kura. Alikuwa sahihi tangu mwanzo kuhusu mwenza na nafasi ya mgombea. Mimi peke yangu, kwa hotuba moja, nilimmalizia uchaguzi ambao ulikuwa haujaanza.

Nilidhani Bi Sidi sitamwona tena. Lakini miezi kadhaa baadaye akaja ofisini, akakaa pale pale alipokaa mumewe, akanywa chai, wala ukutani hakuangalia. Akaniambia anagombea uwakilishi wa wadi kwenye uchaguzi mdogo, akina mama wote wako naye, na anahitaji mtu wa kumwendesha kwenye barabara za Marafa ambaye haogopi makorongo. Mimi kabla ya kujibu lolote nikamuuliza kama Baba Pendo ana habari. Sauti ikatoka nje, kwenye gari, ya mtu aliyekaa kiti cha nyuma akiwa amepakata vipeperushi.

"Ninazo, Bi Mwende. Nimeulizwa."

Nikakubali kuendesha. Kuendesha tu. Jukwaani sikupanda, kipaza sauti sikugusa, na mtu akileta wali mimi niliuliza kwanza ni wa nini. Na nimeapa, nawaambia nyinyi muwe mashahidi: mwanamume yeyote akitaka niwe mwenza wake, wa siasa, wa biashara, hata wa kununua naye kuku mmoja tukagawana, namsikiliza vizuri, namkaribisha chai, kisha namwambia aende nyumbani akamlete mkewe aje aniambie yeye.