Mtaa Mzima

Walimbandika jina la Mbu kwa sababu kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu, na hapo aliyeonewa ni mbu. Mbu ana bidii. Mbu haruki nyumba.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mvivu angeiweza, na bado ilimshinda. Wakubwa wa afya walitaka kujua homa ya ini, ile ya B, imeenea kiasi gani, maana hakuna aliyewahi kuipima. Kila mtu alikuwa anakisia tu. Ugonjwa huo ni mnafiki. Mtu anaubeba miaka, anacheka, anaoa, anazaa, huku ini linaliwa kimyakimya. Kwa hiyo nyumba zilipigiwa kura, na kila iliyoangukiwa, Mbu aingie, amtoboe mtu kidole, adondoshe damu kwenye kipimo, asubiri. Mstari mmoja, hana. Miwili, anao. Ugonjwa ukionekana mwingi, hospitali ya mtaa italetewa chanjo ya vichanga, ile ya kuchomwa siku ileile ya kuzaliwa, ili mtoto asiupate kwa mama yake. Ukionekana haba, chanjo iende kwingine.

Haya, sasa sikia alichofanya bwana mkubwa huyu.

Alisimama mlangoni, begi begani, koti jeupe limepigwa pasi hadi linang'aa, akapiga hodi kwa sauti ya askari.

"Wazima humu?"

"Wazima!"

Basi, imekwisha hiyo. Akageuka akaenda zake. Nani asiyejua kwamba hata mtu anayekata roho, ukimsalimia, atakujibu mzima? Mbu alijua fika. Lakini jua lilikuwa kali, na watu wa mtaa ule aliwaona washamba, wabishi, wa kuuliza damu inapelekwa wapi.

"Nikaushe mate yangu kuwaelimisha hawa?" alimwambia muuza chai, huku akisogeza kete za drafti. "Mtu mwenyewe kasema mzima. Mimi nani nimbishie?"

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya binti yake, aliyeolewa mtaani humohumo. Alimkuta anaanika nguo, tumbo limeshamtangulia mbele.

"Wazima humu?"

"Wazima, baba. Karibu basi unipime na mimi."

"Nikupime nini? Kwani wewe nilikuokota jalalani? Damu yako ndiyo damu yangu."

Binti akacheka. Baba akarudi kwenye drafti yake.

Ikabaki shida moja: vipimo lazima virudi ofisini vimetumika. Ndipo akili yake nyingi ilipomjia. Akaingia nyuma ya kibanda cha chai, akajitoboa kidole gumba, akakikamua kama ndimu, akavigawia vipimo vyote tone mojamoja. Vyote vikatoa mstari mmoja. Na akafurahi, mjinga yule! Kumbe yeye yuko salama! Mkewe alipomuuliza mbona kidole kimevimba, akajibu kwa majivuno, "Kazi, mke wangu. Kazi."

"Mtaa mzima?" mkubwa wake alimuuliza ofisini, akitaka kujua kama ameumaliza wote.

"Mtaa mzima, mkuu," akajibu Mbu, naye akimaanisha hauna mgonjwa, akacheka moyoni kwa utani wake. Kefule! Damu ya mtu mmoja mvivu ikasimama badala ya watu wote wale, na wakubwa wakaandika kwamba huko ugonjwa haupo.

Binti aliposhikwa na uchungu, Mbu alikaa kwenye benchi la wodi ya wazazi, koti lake jeupe mwilini, ili wajue yeye ni nani. Mkunga akatoka na kipimo mkononi. Mistari miwili, imekolea.

"Mzee, mama ana homa ya ini. Mtoto kazaliwa salama, lakini anatakiwa apate chanjo leo."

"Si mmchome!"

"Nimchome na nini? Hatukuletewa. Kuna mpumbavu mmoja alitumwa kupima, akasema mtaa wote huu hauna hata mtu mmoja." Mkunga alisonya. "Hospitali kubwa ni mwendo wa siku nzima kwenda tu, na chanjo ni ya leo. Mama mwenyewe bado hajui. Ingia wewe umwambie, ni mwanao."

Mbu akakunja kidole gumba ndani ya kiganja, kana kwamba mkunga angekisoma. Akavua koti, akaliacha kwenye benchi, akaingia.

Binti alikuwa amejilaza, mtoto kifuani, jasho halijakauka usoni. Mbu akasimama mlangoni.

"Mzima, mwanangu?"

"Mzima, baba," akajibu binti, akamfunua mtoto uso ili babu amwone. "Sote wazima."