Nywele za Paka wa Mwanangu

Paka alifika Nachingwea kwa basi, ndani ya kikapu cha plastiki chenye mlango wa nyavu. Kondakta alinikabidhi akiwa amekishika mbali na mwili wake. "Mama, huyu mnyama amelia tangu Mbagala," aliniambia. Nikachungulia. Uso bapa kama wa mtu aliyegonga mlango, macho ya rangi ya chungwa, na manyoya meupe marefu hata miguu haionekani. Alikuwa anahema mdomo wazi, ulimi nje. Nimefuga paka maisha yangu yote, sikuwahi kuona paka anayehema kama mbwa.

Alikuwa wa binti yangu anayeishi Dar na mumewe. Binti yangu alikuwa mjamzito kwa mara ya tatu. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika, ya pili ikiwa imeshakuwa kubwa, na ni baada ya hiyo ndipo mumewe alipomnunulia paka huyu wa Kiajemi ili awe na kitu cha kupakata. Safari hii daktari alimwambia apumzike, asisafishe uchafu wa paka, na asipate mshtuko wa aina yoyote. Basi paka akaletwa kwangu. "Mama, huyo akifa na mimi nimekwisha," aliniambia kwenye simu. Ningekataaje?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi usufi nilipewa kweli, tena wenye kucha, na ulinielemea kuliko gunia la korosho.

Maagizo yalikuja kwa simu, sauti baada ya sauti. Achanwe asubuhi na jioni. Aogeshwe kwa shampuu yake na akaushwe kwa mashine ya upepo. Macho yafutwe kwa pamba. Akae penye kiyoyozi. Kiyoyozi, Nachingwea, mwezi wa kumi! Nina feni moja, na umeme ukikatika hiyo nayo inabaki kuwa pambo la dari. Siku alipotoroka uani kidogo tu, alirudi na vishonanguo mpaka kwapani, na vumbi letu jekundu limemgeuza rangi ya tofali. Nilikaa naye kizingitini nikichambua kimoja kimoja, yeye akiniparura, na jirani yangu akapita na ndoo yake. "Leo unamsuka mtindo gani, jirani?" Nikainamia kishonanguo kingine. Alikuwa anasubiri nimjibu ili aendelee.

Dagaa aliwanusa, akawafukia kwa mchanga. Panya alikatiza mbele yake stoo, akamtazama tu mpaka akapotelea nyuma ya magunia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu ungempa jembe akalilalia. Kitu kimoja tu alijifunza kwetu: kulala kando ya mtungi wa maji, pale sakafu inapokuwa na unyevu. Nikawa namfunika kanga iliyoloweshwa. Akahema vilevile.

Kila siku baada ya magharibi binti yangu alipiga simu ya video. "Mgeuze nimwone ubavu. Amekula? Umemchana?" Habari zangu hakuuliza. Na tumbo lake mwenyewe hakulitaja hata siku moja. Simu aliishika karibu sana, nikawa naona uso na kipande cha mto. Mimi nami niliogopa kuuliza. Ile mimba ya pili tuliizungumza sana, hata majina tulichagua, na mnajua ilivyoishia. Safari hii tulizungumza paka.

Hapo ndipo mama yangu alipokuja kutoka Nambilanje, kule Ruangwa, kwa ajili ya kliniki ya presha. Aliketi mkekani, akamtazama yule paka anavyohema, akamvuta manyoya ya shingoni.

"Huyu mbona hawajamnyoa?"

"Mama, huyo ni paka."

"Naona. Nauliza mbona hawajamnyoa. Nywele za tumboni hizi, zinampikia mwili."

Nilidhani anatania. Kwetu mtoto akitimiza arobaini hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na katika ukoo wetu mwenye kazi hiyo ni mama yangu. Alininyolea binti yangu, akawanyoa watoto wote wa ndugu zangu. Mtoto akilialia, akipata joto, swali lake la kwanza ni kama amenyolewa.

Siku chache baadaye nilikwenda msibani Ruangwa mjini. Nilimwachia maagizo: maji, kanga mbichi, mlango ufungwe. "Nenda mwanangu," alisema. "Mtoto nimeshamzoea."

Niliporudi alasiri, kando ya mtungi palikuwa na kitu cha waridi chenye kichwa kikubwa cha paka. Kilibaki kichwa, na kishungi kwenye ncha ya mkia, na mikwaruzo ya wembe huku na huku. Mama alikuwa ananawa mikono.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemnyoa. Mtazame, hahemi."

Kweli hakuhema, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Lakini kesho yake akajianika uani, na kufikia jioni ngozi ya mgongoni ilikuwa nyekundu kama ameunguzwa na maji ya moto. Daktari wa mifugo, aliyezoea mbuzi na kuku, alicheka kwanza, kisha akampaka dawa na kuniambia kuwa yale manyoya ndiyo yaliyokuwa yanamkinga na jua. Nilimshonea kijiguo kwa fulana kuukuu. Akakitafuna. Nikakishona tena. Mama aliniangalia nikitunga uzi na kuguna, eti ninamdekeza.

Simu ya jioni ikawa adhabu. Amelala, mwanangu. Yuko uvunguni. Mtandao unasumbua, picha haitoki. Niliogopa akimwona vile atapata huo mshtuko tuliokatazwa, na mimba ipotee kwa sababu ya wembe wa bibi yake. Nilikosa usingizi kwa ajili ya mnyama ambaye hata panya hakumtambua. Kila nilipodanganya, sauti ya binti yangu ilizidi kushuka, mpaka jioni moja ikawa ndogo sana.

"Mama, niambie tu ukweli. Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi nionyeshe."

Nilianza kutafuta uongo mwingine. Mama yangu hakujua kwamba kuna kinachofichwa. Alinichukulia simu mkononi, akambeba paka na kijiguo chake, akamsogeza mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu hapa, mke mwenzangu. Nimekunyolea."

Nilinyoosha mkono niipokonye simu, mama akageuka na kunipa mgongo.

"Nywele nimezifukia huko nyuma ya nyumba, nikamwombea dua," aliendelea, taratibu, kama mtu anayeeleza alivyopika. "Wakati ule wa kwanza, niliposikia tu una mimba, nilikuja hapa na wembe mpya nikusubiri uje ujifungue. Nikarudi nao. Nikaja tena, nikarudi nao. Sasa mkono uliniwasha, mjukuu wangu. Nikamnyoa huyu."

Nilimchukia mama yangu dakika ile, nasema kweli. Miezi yote hiyo tumetembea kwa ncha za vidole kuzunguka jambo moja, na yeye amelikanyaga kwa miguu yote miwili. Binti yangu alikuwa analia. Nilisikia mumewe akiuliza kuna nini, naye akamjibu, "Niache, naongea na bibi." Akajifuta kwa shuka, akamtazama paka wake mwenye fulana, na kicheko kikamtoka katikati ya machozi.

Kisha akaisogeza simu mbali na uso wake. Akaishusha polepole, ukapita mto, yakapita maua ya dera, mpaka kioo chote kikajaa tumbo. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyothubutu kukisia.

Mama aliinamia simu, akalikagua.

"Kiungulia unapata?"

"Sana, bibi. Hata kulala silali."

"Basi huyo ana nywele," mama alisema, akanirudishia simu.