Chawajani kwenye Karatasi Kubwa

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi dada yangu alinipigia simu kutoka kijijini. Hakusubiri shikamoo yangu iishe.

"Mdogo wangu, dawa ya chama nimeipiga, leo siku ya nne. Chawajani wanatembea tu kama wako harusini."

Chawajani ni mdudu wa kijani, mdogo kuliko punje ya mchele. Hunyonya jani la pamba kwa chini mpaka kingo zinakuwa nyekundu na kujikunja. Dawa hiyo dada alikopeshwa na chama cha wakulima. Fedha yake ingekatwa siku ya kuuza pamba. Alitaka abadilishiwe kabla shamba halijaisha. Mwenyekiti alimwambia alete ushahidi, na picha za simu yake zilionyesha majani matupu.

Mimi ni fundi redio mjini, mtaa wa Ngokolo. Nina kamera ndogo ya mfukoni niliyouziwa na mchimbaji wa dhahabu aliyerudi mikono mitupu kutoka Geita. Ukivuta zuum, haioni kitu kilicho karibu. Nilihitaji kioo cha kuongezea mbele. Mambo ya vioo nilijifunza mwenyewe kwa miwani mibovu: namba ya kioo hicho ni ileile ya miwani ya kusomea.

Duka moja la mtaa wa Kambarage lilikuwa navyo viwili, cha namba nne na cha namba kumi. "Chukua kumi, bosi. Nne ya nini?" muuzaji alisema. Lakini kumi hulazimisha kamera ikae sentimita kumi kutoka kwa mdudu. Kivuli kinamwangukia, naye anaruka. Nne hukupa robo mita, na zuum inamaliza kazi. Tena kile cha kumi kilikuwa kioo kimoja: nilipokiweka juu ya gazeti, herufi za pembeni zilizungukwa na zambarau. Cha nne kilikuwa vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, herufi safi mpaka ukingoni. Nilikichukua, nikakifunga kwenye kamera kwa pete niliyoikata kwenye bomba la maji.

Shambani, kabla upepo haujaanza, dada aligeuza jani taratibu. Nilipata mabawa, macho, hata mdomo uliozama kwenye jani.

"Ndiye huyu mwizi," alisema.

Nilichapisha picha kwenye karatasi kubwa ili hata waliokaa nyuma waone.

Kwenye mkutano wa chama mwenyekiti aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho.

"Fundi, huyu mdudu au mbuzi? Angekuwa shambani kwetu tungemfunga kamba."

"Tungemkamua!" alidakia kijana wake wa kubeba mkoba. Watu wakacheka.

Nikaeleza kwamba amekuzwa, kwamba ni chawa.

"Chawa?" Yule kijana alisimama. "Unasema chawa huku unaniangalia mimi?"

Sasa hivi neno hilo ni la watu wanaoishi kwa kusifia wakubwa. Kicheko kilipasua ukumbi, lakini safari hii mwenyekiti hakucheka. Muda wote uliobaki ulijadiliwa ulimi wangu. Nilitakiwa niombe radhi, nikaomba, kwa kuwa dada alikuwa bado mwanachama. Habari ya dawa ikafungwa pamoja na mkutano.

Njiti moja ya kiberiti kando ya lile jani ingeonyesha ukubwa wa mdudu. Nimeifikiria sana njiti hiyo. Siku hizi naamini wangesema nayo imekuzwa.

Majani yalikauka kabla vitumba havijapasuka. Siku ya mauzo nilimsindikiza dada kwenye mizani. Alipokea kilichobaki, akamwambia karani "wabeja", asante ya kwetu, bila kumtazama. Kamera sijaigusa tena. Dawa isiyoua ilikatwa yote: shilingi elfu tisini na sita.