Farasi wa Msimbu Aliyelishwa Kama Mtoto

Saa kumi na mbili asubuhi, Swaumu Kitwana anachomoa konzi ya nyasi kavu katikati ya tita, anaivunja, anainusa. Vumbi jeupe linamrukia puani. Anaitupa mbali na kufungua tita jingine.

Hizi zina rangi ya kijani bado. Mabua ni laini na majani ni mengi. "Hizi atakula," anasema. "Zile zina ukungu, zingemletea kikohozi."

Mlaji ni Subira, farasi jike wa kahawia, wa pekee katika kijiji hiki cha ujamaa cha Msimbu, wilayani Kisarawe. Aliletwa Machi mwaka huu wa 1976 kutoka shamba la mkonge upande wa Gwata, avute mkokoteni wa maji ya zahanati. Kisima kiko maili mbili. Kabla yake, mwanamke aliyekwenda kujifungua alifuatana na ndugu waliojitwika ndoo.

Lakini Subira amechechemea wiki saba. Leo kamati ya kijiji itaamua abaki au arudishwe, na Swaumu, mama wa watoto watano, hafichi kwamba kosa ni lake.

"Nilimlisha kama mtoto," anasema, macho chini.

Farasi alifika mbavu nje. Wiki hiyohiyo, darasa la watu wazima lilikuwa katika somo la lishe: mtoto aliyekonda apewe kunde, chakula cha kujenga mwili. Swaumu, aliyejua kusoma kwa mwaka mmoja tu, alipita nyumba kwa nyumba na somo lake. Nani angempa mgeni nyasi tupu? Zikaja kunde, pumba za mahindi na mashudu ya karanga, beseni kwa beseni. Subira alinenepa, akang'ara. Asubuhi moja kwato zake zilikuwa za moto, hataki kukanyaga.

Bwana mifugo Wilbrod alikuja kwa baiskeli kutoka Kibaha.

"Mama, huyu hakuachishwa ziwa jana," alimwambia. "Nyasi ndiyo ugali wake. Hayo mengine ni kitoweo; yakizidi, kwato huwaka moto. Nani hula sufuria ya kitoweo kwa tonge moja?"

Swaumu alilia. Kisha akaomba aelezwe polepole, apate kuandika.

Tangu hapo hukata nyasi kabla hazijatoa mbegu, huzianika siku tatu na kuzigeuza kwa uma wa mti. Zikiwa changa, mashudu huyaacha kabisa. Zikiwa zimekomaa, mabua kama njiti, huongeza kikombe kimoja, kwa kuwa nyasi za namna hiyo hazijengi mwili. Kunde na pumba, marufuku.

"Kwanza nazisoma nyasi," anasema, "ndipo napima mashudu."

Saa mbili, mapipa mawili yamejaa kisimani, Subira ayavute hadi zahanati. Mwenyekiti Mwinyijuma anasimama na wajumbe wake.

"Mama Mfaume," anamwambia Swaumu, "akilala njiani, anarudi kwao."

"Akilala, Ndugu Mwenyekiti, mapipa nitayavuta mwenyewe."

"Basi tukuandalie nyasi!" anadakia mjumbe mmoja, na watu wanacheka. Swaumu hacheki. Anatazama kwato.

Subira anaanza kwa kusita. Kwenye mteremko wa mchanga anasimama. Swaumu anamshika shingo tu, hamvuti. Farasi anapumua, anaweka mguu, anaweka mwingine. Hachechemei.

Zahanatini, muuguzi Laurentia anafungua mlango na ndoo mkononi. Mwenyekiti anainama, anapapasa kwato moja baada ya nyingine.

"Zimepoa," anasema. "Abaki."

Sasa Swaumu anaomba nusu eka ya nyasi karibu na kisima, na anaandika somo lake mwenyewe, kurasa nne hadi sasa, ili darasa lijalo lisirudie alichofanya yeye.

Akirejea zizini anamkuta jirani yake, Biubwa, na bakuli limefunikwa kawa.

"Hongera, shoga. Nimemletea Subira kunde, leo tu."

Swaumu anafunua, ananusa, anaketi juu ya tita.

"Lete kijiko," anasema. "Hizi tutakula sisi."