Mradi Uliotoka Ukutani

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya kompyuta ya chuo kimoja huko Njoro, Fundi Mkuu alinipa funguo na sheria moja: "Usichomoe waya kabla hujajua unaishia wapi." Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane. Kazi yangu ilikuwa kufungua, kufagia na kutunza kabati la miradi ya zamani, yaani vitabu ambavyo kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika kueleza mfumo aliounda.

Wanafunzi walinijia kutafuta mfano wa mradi kabla ya kuwaona wahadhiri. Kwa miaka mingi niliwachagulia kitabu kinene zaidi. Nilidhani unene ndio ubora.

Ndivyo nilivyompotosha Chebet, msichana wa Subukia. Nilimpa kitabu cha mfumo wa hospitali nzima, naye akaandika pendekezo kama hilo. Mbele ya jopo, Mwenyekiti wa Idara akamwuliza amezungumza na muuguzi gani. Hakuwa amezungumza na hata mmoja. Akapewa wiki mbili alete mada nyingine, la sivyo arudie mwaka.

"Mzee, hicho kitabu chako kimenimaliza," aliniambia.

Nilikubali. Kwa kuwa sikuwa na ushauri mwingine, nilimwalika nyumbani kwa chai.

Alimkuta mke wangu, Mama Njeri, amenuna. Yeye aliandika siku ng'ombe walipopandishwa kwenye kalenda ya ukutani. Januari niliitoa, nikaweka mpya, na ile kuukuu nikawashia jiko. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa, haijui mwaka umeisha. Tarehe zikaungua. Ng'ombe akakamuliwa hadi wiki ya kuzaa badala ya kupumzishwa miezi miwili, na ndama akazaliwa dhaifu.

"Huyu analinda kompyuta za chuo," Mama Njeri akamwambia mgeni, "na ameshindwa na karatasi."

Chebet alicheka, kisha akatoa kalamu. Akauliza nani huandika, nani husahau. Chai ikapoa. Mradi wake ukawa huo: unaingiza siku ya kupandishwa, simu inakukumbusha siku ya kuacha kukamua.

Mwenyekiti alisema ni mdogo mno. Chebet akamleta Mama Njeri mbele ya jopo.

"Ni mdogo," mke wangu akakubali. "Hata ndama alikuwa mdogo."

Chebet alipita, ingawa si kwa alama za juu. Tangu hapo niliacha kugawa vitabu vinene. Nilimwuliza kila mwanafunzi ni nani atakayeumia mfumo wake usipofanya kazi. Aliyekosa jina la mtu, nilimwambia akatafute kwanza.

Nilistaafu mwaka juzi. Mama Njeri alifariki Novemba iliyopita. Hakuwahi kuiamini simu peke yake. Aliendelea kuandika ukutani pia. Juzi ujumbe uliingia: ng'ombe mweusi apumzishwe. Nilienda ukutani kuhakikisha, nikahesabu miezi saba kutoka alama yake. Tarehe zilipatana.

Kalenda hiyo ni ya mwaka jana. Sijaitoa.