Tulichagua riwaya ya mwezi kwa kura ya siri, tukampoteza Ambakisye

Saa 9:20 alasiri, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, sebuleni kwangu hapa Kyela. Saa naikumbuka kwa sababu mimi ndiye katibu na niliiandika mwenyewe.

Wakuu, poleni na majukumu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Tuko marafiki sita, kila mwezi tunasoma riwaya moja mpya. Mimi shule niliishia darasa la saba, mengine nimeyaokota vitabuni. Labda ndiyo maana napenda utaratibu.

Utaratibu wa kuchagua niliuweka mimi. Mwenye zamu analeta riwaya, anasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Kisha kila mtu anadondosha kura yake kwenye chungu chenye mdomo mwembamba. Punje ya mpunga ni ndiyo, mbegu ya kakao ni hapana.

Hakuna kujieleza. Ukijieleza, kura yako inafutwa.

(Sheria hiyo ilikuja baada ya watu wawili kubishania riwaya ya mapenzi mpaka wali ukapoa mezani.)

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Sekela, mama mfinyanzi wa kule ufukweni. Hata chungu cha kura alikifinyanga yeye.

Riwaya yake ilihusu enzi za Wajerumani, wakati wa vita ya kwanza. Ukurasa wa kwanza, jumbe, mkuu wa kijiji, amesimama kando ya ziwa na karatasi mkononi, anasoma majina ya wanaume watakaobeba mizigo ya jeshi kuvuka mto Songwe. Wake zao wanasikiliza.

Sekela alisoma taratibu.

Tukapiga kura. Nikamwaga chungu mezani: mpunga tano, kakao moja.

Mwalimu Gwakisa, mstaafu wetu mpenda utani, akaiokota ile mbegu. "Nani huyu anaogopa Wajerumani? Walishaondoka, jamani."

Tulicheka. Ambakisye naye alicheka, kidogo.

Ambakisye ni mkulima wa mpunga wa Ipyana, rafiki yangu wa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyenipa kitabu cha kwanza nilichokimaliza. Alipokea nakala yake, akasema "ndaga", yaani asante, akaondoka kabla ya chai.

Mwezi uliofuata hakuja. Wa pili hakuja. Nilimpigia, akasema yuko shamba. Sikuuliza zaidi, nikaitegemea sheria yangu nyingine: anayekosa vikao vitatu anaondolewa.

Wa tatu hakuja. Nikamwondoa kwenye kundi la WhatsApp jioni ile ile.

Hapo ndipo Sekela aliponipigia. "Umemwondoa bila kumuuliza?"

"Sheria ni ya wote, mama."

"Basi nenda kwake, kaka. Mwambie bibi yangu alinisimulia nikiwa mdogo. Ninajua babu mkubwa wa Ambakisye ndiye aliyesoma majina huku kwetu, na jina la babu yangu mkubwa lilikuwemo. Hakurudi. Nilileta kile kitabu ili tuzungumze sote, yeye aweze kulisema lililo moyoni. Sikukileta kumuumbua."

Wakuu, nilikaa chini.

Kwetu Wanyakyusa wazee hawapendi neno likae moyoni. Mtu mwenye kinyongo na nduguye anatakiwa aseme mbele ya watu, maana kinyongo kilichofungiwa huleta ugonjwa nyumbani. Nimelelewa hivyo. Na mimi huyo huyo ndiye niliyetunga sheria ya kumfuta mtu anayesema.

Nilienda Ipyana Jumapili baada ya ibada. Ambakisye alikuwa anaanua mpunga. Nilimweleza yote, neno kwa neno. Hakuacha kazi.

"Nilidhani mmepanga," alisema mwishowe. "Yeye analeta kitabu, Gwakisa anachekesha, wewe unahesabu."

"Hatukupanga, nkamu, ndugu yangu. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Ningefungua mdomo ungefuta kura yangu."

Alizoa mpunga mwingine, akautia kwenye gunia.

"Sekela mwambie nimesikia," alisema. "Hana kosa. Lakini mimi kukaa pale, watu watano wananitazama kila ukurasa, siwezi. Na wewe ulinitoa kwa kidole, kwenye simu. Miaka kumi na tisa."

Aliingia ndani akaleta nakala yake. Ilikuwa bado kwenye nailoni ya dukani. Akanipa mkononi, akarudi kwenye mpunga.

Hiyo ni miezi saba sasa. Tukikutana sokoni ananiamkia "ugonile" vizuri kabisa, kama anavyomwamkia mpita njia. Sekela alimfuata mara moja, wakazungumza barazani muda mrefu. Kikaoni hajarudi.

Nilichojifunza: utaratibu unaozuia ugomvi unaweza kuzuia na maneno ambayo yangeuponya. Siku hizi mwenye kura ya hapana ndiye tunayemsikiliza kwanza. Chungu nimemrudishia Sekela.

Wenye vikundi vya kusoma, ninyi mnachaguaje riwaya? Na aliyewahi kumrudisha rafiki aliyeondoka kwa staili hii aniambie alianzia wapi. Nitasoma kila jibu.

Kwenye daftari la kikundi, safu ya hasara, nimeandika mstari mmoja: nakala moja, haijafunguliwa, shilingi 12,000.