Uhakiki Wangu wa Kwanza Kusomwa

Nilimwonea wivu mwenzangu mmoja, tena ule wa kukosa usingizi. Wote wawili tulikuwa kwenye kamati ya wanafunzi, sekondari ya bweni pale Bariadi. Barua za malalamiko niliandika mimi. Aliyeshangiliwa ni yeye, kwa sababu alikuwa na mdomo.

Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mnunuzi mmoja wa pamba alileta jenereta, televisheni na deki ya video, akaviweka ndani ya ghala lake, na Jumamosi mchana watu walikaa juu ya magunia kutazama sinema za Kihindi. Mwenzangu alisimama kando ya televisheni akitafsiri kwa Kisukuma. Kihindi chenyewe hakujua hata neno moja. "Mwadila," alianza, kana kwamba ni steringi mwenyewe, shujaa wa sinema, anayesalimia, na wazee waliotoka Mwamapalala waliitikia kwa heshima zote.

Mimi niliandika uhakiki wa sinema hizohizo kwenye gazeti la ukutani, nje ya ofisi ya walimu. Wanafunzi waliliegemea wakisubiri kengele. Hakuna aliyesoma.

Jumamosi moja steringi alifikishwa mbele ya hakimu. Mwenzangu akamtia maneno mdomoni: "Mheshimiwa, maharage tunayokula yana wadudu, na lori la shule linabeba pamba ya mkuu." Ghala zima likaangua kicheko. Yalikuwa maneno ya barua yangu, ile ambayo mkuu wa shule hakuijibu. Mimi niandike, yeye apigiwe makofi! Nilirudi bwenini nimenuna.

Jumapili niliandika kwamba katika sinema ile hamna maharage wala lori, kwamba mtafsiri ameingiza ya kwake na kuipotosha kazi ya wenyewe. Nikajiambia natetea sanaa. Nilijua vizuri kwamba mkuu husoma ubao ule kila Jumatatu.

Aliusoma wote. Kesho yake gwarideni alinisifu kwa kupenda ukweli, kisha akamfukuza mwenzangu shule. Kamati ilinyamaza, nami nikiwemo. Kufikia saa nne wanafunzi walikuwa wamejazana mbele ya uhakiki wangu, wa nyuma wakiomba wasomewe.

Nilimsindikiza hadi stendi, nimembebea godoro. Hakufoka.

"Umeandika vizuri," alisema, akilipokea. "Ila hukuandika kwamba na wewe ulicheka. Nilikuona."